Ukurasa wa 'Take' na Kibuyu cha Gogo

Mimi nina wivu. Nakuambia mapema ili tusipoteze muda, maana watu wa umri wangu wakianza kukumbuka utoto wao hujifanya walikuwa malaika. Mimi sikuwa. Na juzi nimegundua kwamba wivu wangu haujazeeka pamoja nami, kwa sababu nimeionea wivu simu.

Ilikuwa Jumapili mchana, hapa nyumbani kwangu Eldoret, mvua imekataa kuisha. Mwanangu wa gredi ya sita alikuwa na kazi ya shule: atafute maana za kitenzi cha Kiingereza 'take', kisha aseme neno hilo lilitoka wapi. Hakuinuka hata kwenye kiti. Aliiuliza simu, simu ikamjibu kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, maana moja baada ya nyingine, mifano juu yake, asili mwishoni. Akaandika huku akitafuna njugu. Halafu akasema, "Mum, nimemaliza, naeza enda kucheza?" Nikasimama pale na mwiko mkononi, roho inaniuma. Neno lile lile! Mimi lilinifanya mwizi, na yeye limemchukua muda wa kumaliza njugu za mkono mmoja.

Nililelewa na Gogo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Wazazi wangu walikuwa wakilima mahindi Soy, na mimi nikaachwa kwa Gogo ili nisome shule ya mjini. Gogo alikuwa na kipande cha ardhi ukingoni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Kesses, na juu yake ng'ombe wawili, shamba dogo la majani ya kulishia, jiko la udongo lenye moshi, na vyumba viwili vya mabati alivyopangisha. Baba alikuwa mtu mwema, usinielewe vibaya. Lakini akija mwisho wa mwezi alikuwa na maswali mawili tu: kama ng'ombe wanakamuliwa vizuri na kama mimi ninakula. Akishajibiwa alilala mpaka kesho yake, akapanda gari akarudi shambani.

Vyumba viwili vya mabati alipanga mtu wa kutoka upande wa Ziwa Victoria, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mjane, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa na binti mmoja wa rika langu. Tulikuwa darasa moja, tulienda kisimani pamoja, tulikata majani ya ng'ombe pamoja, na ukiniuliza rafiki yangu wa kwanza duniani ni nani, nitakutajia yeye. Sasa nisikilize vizuri: nilimpenda, na nilimwonea kijicho kila siku ya Mungu. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana hata kidogo.

Kwanza kulikuwa na kengele. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mfupi aliyevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Julai, alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona shule nyingine. Jumatatu asubuhi alibandika ukutani karatasi ya manila yenye kitenzi kimoja. Wiki nzima tunakitafuta kwa wazazi, kwa majirani, kwenye magazeti ya kufungia nyama. Ijumaa baada ya mapumziko, darasa lote linasimama. Kila mtu anatoa sentensi yenye maana ambayo bado haijasemwa. Ukirudia maana ya mwenzako, unaketi. Ukikwama, unaketi. Atakayebaki amesimama peke yake anapewa kengele wiki nzima inayofuata. Kengele yetu ilikuwa sahani kuukuu ya plau ya trekta, imening'inizwa kwenye mti kwa mnyororo, na ukiigonga kwa kipande cha chuma shule yote ilikutii, hata walimu. Rafiki yangu aliigonga karibu muhula mzima. Alikuwa akiigonga mara tatu, kwa utaratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, na mimi nilikuwa nikisimama kwenye foleni nikitamani ule mnyororo ukatike.

Lakini si kengele hasa iliyoninyima raha. Nilichokitaka mimi ni meza ya Fundi.

Kila jioni king'ora cha kiwanda kikishalia, Fundi alirudi kwa baiskeli, akanawa grisi mikononi kwa sabuni ya mche, akaweka chungu cha omena, dagaa wa kwao, motoni, kisha akaketi mezani na binti yake. Alikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza aliyoishonea jalada la kitambaa cha kaki, mabaki ya kiwandani. Aliifungua mbele ya mtoto, akaweka kidole kwenye neno, akasubiri. Mtoto akisoma vizuri, Fundi alisogeza kidole tu. Siku akifurahi sana alisema, "Ehe." Mimi niliruhusiwa kukaa upande wa pili wa meza, kwenye stuli, kwa hiyo kitabu kilinijia kichwa chini miguu juu, na nikajifunza kusoma hivyo hivyo. Hata leo naweza kusoma karatasi ya mtu aliyeketi mbele yangu ofisini, na shukrani za uwezo huo naupa wivu. Nilikuwa nikitazama kidole kile chenye kucha nyeusi ya mafuta kikitembea kwa ajili ya mtoto mwingine, na nikirudi kwa Gogo nilikula ugali bila kuongea. Gogo alisema, "Hii mtoto ikitoka kwa Fundi inakuwa kama imenyimwa maziwa."

Basi Jumatatu moja mwalimu akabandika 'take'.

Darasa likacheka. Tuliona ni neno rahisi, neno la kunywa chai. I take tea, nani hajui? Lakini jioni Fundi alipofungua kamusi tulikuta neno lile limejaa karibu ukurasa mzima, pande zote mbili. Ni kuchukua, ndiyo. Ni kupeleka pia, ambayo kwetu ni kinyume chake. Ni kunywa dawa, kupiga picha, kupanda basi, kuoga, kuoa, kuvumilia, kuteka mji vitani. Ndege ikiruka, ni 'take' na kijineno nyuma yake. Kuvua koti, ni 'take' na kijineno hicho hicho. Kufanana na mzazi wako, nalo ni 'take'. Gogo nilipomweleza alishangaa akasema Waingereza ni wabahili, wameajiri kibarua mmoja kufanya kazi ya watu kumi.

Mwisho kabisa, kwenye mabano, palikuwa na maandishi madogo. Binti wa Fundi alikuwa tayari kufunga kitabu, lakini Fundi alimzuia mkono.

"Ngoja. Hapo ndipo penye utamu," alisema. "Hili neno si la Waingereza. Waliletewa na watu wa kaskazini, watu wa baridi, walikuja kwa mashua kupora. Wakapora, wakachoka, wengine wakabaki wakaoa huko. Waingereza walikuwa na neno lao la zamani la kuchukua. Likafa. Hili la wageni ndilo likabaki."

"Na wageni walikuwa wamelitoa wapi?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwenye meza ile kwa miezi mingi.

Fundi akaniangalia kama mtu aliyesahau kwamba nipo. "Mwalimu wangu wa misheni alituambia kwamba zamani kabisa, kabla hata yao, lilimaanisha kugusa tu. Kugusa kitu kwa mkono. Kuchukua kulikuja baadaye." Halafu akamgeukia binti yake, akasema, "Umeshika hiyo?"

Mimi ndiye niliyeuliza. Jibu akapelekewa mwingine. Pale pale kitu kiliniwaka kifuani, na sijui hata leo kama ningeweza kukizima.

Kuanzia Jumanne Fundi alihamishiwa zamu ya mchana, ya kurudi usiku, na Jumatano rafiki yangu akaenda dukani kununua mafuta ya taa. Nikaingia kwao kama nilivyozoea kuingia, bila hodi. Nilifungua kamusi, nikaweka kisu cha jikoni mshononi, nikautoa ukurasa ule taratibu, hata usingeweza kujua mahali ulipotoka mpaka uhesabu namba. Mikono haikutetemeka. Ningependa kukuambia ilitetemeka.

Tatizo likawa ni kuuficha. Nyumba ya Gogo ilikuwa chumba kimoja ambacho macho yake yalikifagia asubuhi na jioni. Lakini kwenye dari ya jikoni kulikuwa na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimeoshwa, vimekaushwa, vinasubiri zamu. Kimoja kilikuwa kikubwa ambacho hutolewa wakati wa wageni tu. Nikakunja ukurasa nikausukuma ndani, nikarudisha kifuniko. Kila nilipotumwa jikoni niliuvuta kwa kijiti, nikasoma, nikaurudisha. Ijumaa ilipofika nilikuwa na neno lile lote kichwani, maana zote, mifano yote, hata zile nukta mkato.

Siku ile wanafunzi waliketi mmoja mmoja mpaka tukabaki wawili. Rafiki yangu alikuwa akitegemea alichosoma jioni moja tu, kwa sababu Fundi alikuwa zamu na yeye hakuifungua kamusi bila baba yake. Alijitahidi. Alipobanwa sana aliinua kidevu akasema, "I take after my father." Darasa lote likampigia makofi. Mwalimu akatabasamu ndani ya sweta zake mbili. Mimi nikatoa nyingine, na nyingine, na nyingine, nikaendelea hata alipokuwa ameshaketi, mpaka mwalimu akaniambia inatosha. Nikapewa kile kipande cha chuma. Jumatatu niligonga sahani ile kwa nguvu mpaka kunguru wakakimbia.

Lakini jioni ya Ijumaa ile ile ndipo nilipovuna nilichopanda. Fundi alirudi mapema, akasikia kwamba nimeshinda, akasema atafungua tena ukurasa ule tuusome wote watatu. Akafungua. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele, akapitisha ukucha mshononi. Hakupiga kelele.

"Nani amerarua page ya kitabu changu?"

Sheria ya nyumba ile ilijulikana: mtoto wa nje akiharibu kitu, haingii tena. Rafiki yangu aliniangalia usoni. Aliniangalia kwa muda ambao ungetosha kuosha sufuria. Kisha akasema, "Ni mimi, Baba. Nilitaka kwenda nayo shule, nikaipoteza."

Fundi akafunga kamusi, akaipandisha juu ya kabati, akaenda kugeuza omena. Hakumchapa. Wiki iliyofuata nyumba ile haikuwa na somo hata jioni moja. Nilikuwa nimeitaka meza iwe yangu, na sasa haikuwa ya mtu. Nilipomfuata rafiki yangu kisimani nikamwuliza kwa nini alisema vile, alijibu huku akifunga kamba ya ndoo, "Wewe ukikatazwa kuja, mimi nitabaki na nani?"

Ungedhani nililia. Sikulia. Niliuonea wivu hata wema wake. Niliona, ona huyu, baba anaye, kamusi anayo, na sasa hata moyo mzuri ni wake. Nilibeba maji yangu nikatangulia.

Jumamosi iliyofuata wageni wa Gogo walikuwa wanakuja kutoka Burnt Forest. Asubuhi nilikuwa nimetumwa kukata majani, na kutoka shambani nikasikia harufu ya kijiti kinachoungua, kile cha mti ambao makaa yake ndiyo hupaka kibuyu ndani ili maziwa yakae na yapate ladha. Niliangusha panga. Nilipofika jikoni Gogo alikuwa ameshakizungusha kijiti chenye kaa ndani ya kibuyu kikubwa, na sasa anakitazama kibuyu kinachotoa moshi ambao si wa kawaida. Akaingiza ufagio wake mrefu wa kusugulia, akavuta. Ukurasa ukatoka umeungua nusu, nusu nyingine nyeusi tititi.

Gogo hakujua kusoma. Lakini alikuwa amemwona Fundi na kitabu kile mara nyingi mno, na alijua karatasi nyembamba namna ile haikuwa na nyumba nyingine mtaani kwetu. Alijifunga leso, akachukua chupa ya maziwa mkono mmoja na ukurasa mkono wa pili, na kwa macho tu akaniambia nitangulie. Tulivuka ua, hatua ishirini hivi. Nimewahi kutembea kwenda msibani kwa hatua nyepesi kuliko zile.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Fundi alikuwa akitengeneza pampu ya jirani sakafuni, binti yake akichagua mchele.

"Fundi," Gogo alisema, "hii kitu nimetoa kwa kibuyu yangu. Kibuyu haiwezi kutembea ikuje kwako kuiba. Ni huyu."

Fundi akainuka, akapangusa mikono. "Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Maziwa ni yako. Mtoto ni yako leo. Fanya vile unaona."

Fundi aliupokea ukurasa, akajaribu kuupeleka kwenye mwanga wa dirisha, ukavunjikia vidoleni. Akamtazama binti yake kwa muda, na binti akainamia mchele. Kisha akanitazama mimi. Nilitaka anipige. Kupigwa kungekuwa rahisi.

"Uliusoma, au uliuficha tu?" akaniuliza.

"Niliusoma."

"Kiasi gani?"

"Wote, Baba."

Alipanda kitini akaishusha kamusi. Alichana karatasi ya katikati kwenye daftari la binti yake, akachukua kalamu, akamwambia mtoto wake, "Sogea kidogo, mpishe mwenzako akae hapa." Nikaketi mahali ambapo sikuwahi kuketi, karibu na bega lake, kitabu kimenielekea sawasawa. Gogo akasimama mlangoni akidondokewa na maji ya mvua, akikataa kuketi mpaka mwisho.

"Sema," Fundi akasema. "Kama ilivyokuwa."

Nikasema. Nilimpa maana ya kwanza na mifano yake, ya pili, ya tatu, kuteka mji, kuvumilia maumivu, kumeza dawa, kufanana na mzazi. Fundi aliandika kwa herufi ndogo za mtu aliyezoea kuandika namba kwenye vipuri. Alinisimamisha mara moja tu, akauliza kama nina hakika na nukta mkato. Nilikuwa na hakika. Nilipofika kwenye asili nikasema watu wa kaskazini, nikasema mashua, nikasema kugusa, na hilo la kugusa halikuwa kwenye ukurasa, lilikuwa lake mwenyewe. Kalamu ikasimama. Akaliandika pia. Maneno mengine ya ukurasa ule sikuwa nimeyakariri, kwa hiyo kamusi ile iliendelea na maisha yake bila hayo.

Alipomaliza alipaka gundi ya kiwandani ukingoni, akaibandika karatasi mahali pa ule ukurasa, akaikandamiza kwa kiganja. Halafu akamgeukia binti yake aliyekuwa amesimama nyuma yetu na ungo wa mchele.

"Umesikia mwenzako?" akasema. "Nimekufundisha miaka mitatu. Hujawahi kunisomea hivi." Kisha akaniambia mimi, "Ehe."

Nikageuka kumtazama rafiki yangu. Alikuwa ameushika ungo kwa mikono miwili, midomo ameibana, macho yake yako kwenye kidole cha baba yake kilichokuwa bado kimelala kwenye karatasi mbele yangu. Sura ile sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Nilikuwa nimeivaa mimi miezi mingi. Na Mungu anisamehe, katikati ya aibu ile yote, Gogo amesimama mlangoni, moshi wa kibuyu bado uko kwenye nguo zangu, nilifurahi.

Baadaye rafiki yangu mwenyewe aliniombea msamaha kwa baba yake, nikaruhusiwa kuendelea kuja. Nilirudi kwenye stuli yangu upande wa pili. Hatukuzungumza kamwe juu ya siku ile. Kiwanda kilipofungwa walipakia kitanda, kabati na baiskeli kwenye pikapu, wakarudi kwao upande wa Ziwa, na kwa miaka michache tulipeana habari kupitia watu, kisha watu wakaisha. Gogo tulimzika nyuma ya zizi. Ardhi iliuzwa. Siku hizi pale pamesimama hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne, na ukipita jioni husikii king'ora, unasikia muziki.

Tangu hapo nimewaonea wivu watu wengi: wenye magari, wenye waume wanaoongea, wenye watoto wanaopiga simu bila kuombwa, na sasa simu yenyewe. Lakini katika wote hao hakuna ninayemwonea wivu kama msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja aliyeketi Jumamosi ya mvua karibu na bega la Fundi, mwizi aliyeshikwa, akisema neno baada ya neno, na mtu mzima ameinamisha kichwa akimwandikia. Nina nyumba, nina kazi, nina mtoto. Yeye alikuwa na mchana mmoja tu, na ningempokonya huo leo hii kama ningejua pa kumpata.